Ndengu, Saruji na Karatasi za Kodi



Msimu wa ndengu ukifika Kitui na Makueni, wanunuzi huja na mizani, na magunia, na siku hizi na habari za kodi pia. Mmoja atakuambia, "Mama, sina budi kukata kidogo katika kila kilo, maana Serikali imeleta eTIMS." Usilikubali neno hilo. eTIMS si kodi. Ni mpango wa Mamlaka ya Mapato, yaani KRA, wa kuandika hati ya mauzo kwa mtambo, na mnunuzi hana ruhusa ya kukukata hata senti moja kwa jina hilo.

Jambo lilianza hivi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilisema kwamba tangu tarehe 1 Januari 2024, mfanya biashara asiye na hati hiyo hataweza kuitoa gharama ya alichonunua katika hesabu ya kodi yake. Kwa kampuni kubwa hiyo ni kazi ya karani tu. Lakini mkulima wa Masongaleni, mwenye magunia manne na simu ndogo ya kubonyeza, ataitoa wapi? Ilikuwa wazi kwamba mnunuzi atampita aende kwa mwenye hati. Sheria ya Desemba 2024 ikageuza mambo: ukiwa mkulima mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5, mnunuzi ndiye atakayeandika hati. Basi akikusumbua, mwambie kazi hiyo ni yake.

Tena ujue kwamba mazao yasiyosindikwa, kama ndengu kavu na maembe, hayatozwi VAT. Na kama faida yako ya mwaka mzima, baada ya kutoa gharama zote, haizidi shilingi 288,000, nafuu aliyopewa kila mtu huifuta kodi ya mapato yote. Ila mwenye PIN iliyoandikishwa kwa kodi ya mapato lazima apeleke taarifa yake kabla ya mwisho wa Juni, hata kama hadaiwi kitu. Asipopeleka hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000, nayo ni bei ya kuku kadhaa.

Wazee wetu walijua kodi ya nyumba, kisha kodi ya kichwa. Zilikuwa kodi nzito, wala hakuna anayezililia. Lakini mzee alijua kiasi chake na siku yake, na stakabadhi aliitunza vizuri. Sisi tunalipa dukani na kwenye pampu ya petroli bila kuiona, na sheria hubadilika kila mwaka.

Anayeumia zaidi kwa mabadiliko hayo, kwa maoni yangu, ni mwethya. Tazama mabwawa ya mchanga. Huko Kitui, SASOL na wenyeji walianza kuyajenga katika miaka ya 1990, na Makueni nako yako mengi. Wanakijiji huleta mawe, mchanga na nguvu zao. Saruji na vyuma hununuliwa kwa fedha za wafadhili. Shirika likipata cheti cha msamaha, ambacho hudumu miaka mitano, watu hudhani limesamehewa kodi zote. Sivyo. Cheti kile ni cha kodi ya mapato. Saruji ya shilingi 11,600 ina VAT ya shilingi 1,600 ndani yake, na kikundi hakina pa kuidai.

Angalia na hili. Aprili 2020 VAT ilishushwa ikawa asilimia 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Kikundi kilichopiga hesabu ya bwawa katikati ya mwaka 2020 kikanunua saruji Februari, kilipungukiwa. Julai 2023 VAT ya petroli na dizeli ilitoka 8 ikafika 16, na gari la saruji halisukumwi kwa mikono. Mwaka 2024 kanuni mpya za mashirika ya hisani zikachukua mahali pa zile za 2007, na mwaka huo huo, tarehe 14 Mei, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ikaanza kazi. Katibu wa kijijini, ambaye halipwi mshahara, atazifuata zote kwa miguu ipi?

Serikali ina haki ya kutoza kodi. Barabara na dawa hazitoki mbinguni. Lakini saruji ya bwawa la umma ingepasa kusamehewa kwa sheria iliyo wazi, si kwa barua ya kuombwa mmoja mmoja, na sheria ikiisha kuwekwa iachwe itulie japo miaka mitatu.

Mambo haya hayasemwi kwenye baraza la kahawa tu. Katiba, kifungu cha 201, inataka wananchi washiriki katika mambo ya fedha. Muswada wa 2024 Rais alikataa kuutia sahihi tarehe 26 Juni, watu wakiwa wamekwisha kufa barabarani. Si lazima mambo yafike huko tena. Muswada wa Fedha hufika Bungeni kabla ya Aprili kwisha, na kamati hupokea maoni ya wananchi. Najua, hiyo ni miezi ya palizi. Lakini kikundi chaweza kumpa katibu siku moja akaandike barua kwa Karani wa Bunge, ataje mifuko mingapi ya saruji ilinunuliwa, VAT ilikuwa shilingi ngapi, na bwawa linanywesha nyumba ngapi. Risiti za dukani ziambatishwe, kwa hiyo zianze kutunzwa sasa.