Tupeni Hayo Maboksi

Nilikuwa kwenye daladala asubuhi, redio imefunguliwa mpaka mwisho. Mtangazaji akasoma habari ya kadi ya mchezaji wa besiboli iliyouzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 12.6. Badala ya kupiga wimbo, akaanza kutuhubiria: tusitupe kitu, cha kawaida leo kesho ni utajiri. Abiria wakaitikia kama wako ibadani. Mzee wa siti ya mbele akatangaza kwamba ana redio ya mbao ndani tangu enzi za Mwalimu. Nikashuka kituo kimoja kabla ya changu.

Habari yenyewe ni ya Agosti 2022, na kadi ni ya Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952. Watoto waliipata kwenye pakiti ya bigijii. Mtangazaji aliishia hapo. Angesoma mistari michache zaidi angekuta kwamba aliyeiuza hakuirithi kwa bibi wala hakuisahau uvunguni. Aliinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000, ikiwa tayari safi na tayari inajulikana. Mtu mwenye dola 50,000 za kununulia karatasi mwaka 1991 hakuwa anasubiri muujiza wa stoo. Na mnajua biashara yake ni nini? Uzoaji taka, huko New Jersey.

Sasa jiulizeni kwa nini karatasi ile ikawa ghali. Si kwa sababu zilichapwa chache. Ndani ya fungu lake la toleo lile, Mantle alichapwa mara mbili ya wenzake wengi. Ni kwa sababu zilitupwa! Fungu lake lilitoka msimu unaelekea ukingoni, watoto wameshahamia kwenye futiboli yao ya Kimarekani, mzigo ukadoda ghalani Brooklyn. Sy Berger, mtu wa Topps aliyeshiriki kuzibuni kadi hizo, alisimulia jinsi alivyozungusha masalia kwenye maonyesho, senti moja kadi moja, kisha senti moja kadi kumi, na bado watu wakapita. Mwaka 1960 zikapakiwa kwenye tishari na kumwagwa Bahari ya Atlantiki. Zilizokuwa mitaani zilibanwa kwenye spoku za baiskeli ili zilie, na nyingine akina mama walizifagia vijana wao walipoenda jeshini.

Utajiri ule uliumbwa na waliotupa. Huwezi kusimama redioni kuwaambia wasikilizaji wote wasitupe, halafu wote watajirike. Wakitunza wote, hakuna adimu. Pasipo adimu hakuna mnunuzi. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza, lakini watu wazima wenye maikrofoni inawashinda.

Na Wamarekani wenyewe wameshalijaribu hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walisikia mahubiri haya haya. Wazazi wakanunua kadi kwa katoni, hawakuzifungua, wakasema ndiyo ada ya chuo ya mtoto. Kampuni zikasikia pia, zikachapa usiku na mchana. Hakuna aliyetupa hata moja. Leo katoni hizo zimejaa magereji ya Marekani na wenyewe wanabembeleza mtu aje kuzichukua. Ken Griffey Jr. aliingia kwenye jumba la magwiji wa besiboli mwaka 2016, na kadi yake ya Upper Deck ya 1989 ndiyo iliyokuwa ndoto ya kila mtoto. Ya kawaida, isiyopimwa, kwa miaka mingi iliuzwa bila kufikisha dola mia. Kama mchezaji wa kiwango hicho analipa hivyo, wale mamia wengine waliomo kwenye boksi watalipa nini?

Hata ukiwa na kadi sahihi, kuna watu wa kuipima. Kampuni kama PSA hutoa alama moja hadi kumi. Kona ikichakaa kidogo, umekwisha. Na ukipata kumi bado hujafika. Kadi ya Michael Jordan ya Fleer ya 1986, yenye alama kumi, iliuzwa dola 738,000 Januari 2021. Mwaka uliofuata kadi ya hadhi hiyo hiyo ilikuwa inauzwa chini ya 200,000.

Shemeji yangu ana chumba kizima cha simu za kitochi, kanda za video na kalenda za benki. Eti Wazungu watavitaka. Watoto watatu wanalala sebuleni ili chaja zilale chumbani. Ni ugonjwa ule ule wa wanaochimba sakafu za nyumba za watu kutafuta mali ya Mjerumani, na ule uliowakumba Wasaudia mwaka 2009, walipogombania cherehani kuukuu za Singer kwa uvumi kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu, ati kitu cha thamani kubwa. Serikali inakusanya kodi ya majengo. Ingetoza na ya maboksi, labda tungepona.

Najua yuko atakayenitajia Ohio. Mwaka 2012, mji wa Defiance, ndugu walipanda darini kusafisha, wakakuta boksi la kadi kama mia saba za karibu mwaka 1910, safi kabisa, za mamilioni ya dola. Umeona? Kutunza kunalipa! Kunamlipa nani? Babu mwenye boksi alikuwa muuza nyama, na alifariki miaka ya 1940. Hakula hata senti. Kama huo ndio mpango wako, shemeji, mwambie mkeo ukweli: chumba cha watoto kitapatikana wajukuu watakapokuja kusafisha dari.