Dawa Isiyo na Miiko

Katika Kiswahili chetu ni machache maneno yaliyotwishwa kazi nyingi kama neno dawa. Mgonjwa hunywa dawa. Meno husuguliwa kwa dawa. Viatu hung'arishwa kwa dawa. Panya hutegewa dawa. Nywele za mwanamke hulainishwa kwa dawa. Na huku Mhunze, katika wilaya ya Kishapu, pamba hupuliziwa dawa. Wapenzi wa lugha husifu ukarimu wa neno hili. Mimi nimekuja kulishitaki. Nasema kwamba, kwa namna litumiwavyo leo dukani na shambani, neno hili limemfungulia adui mlango wa nyumba, na wa kwanza kukutwa na adui huyo ni mtoto ambaye hajazaliwa.

Nilikulia karibu na Mhunze. Kila Januari, pamba ilipofika magotini, chupa za dawa ziliwekwa uvunguni mwa kitanda, kwa kuwa zilikuwa mali, na mali hulindwa mahali mtu alalapo. Mama yangu alipima kwa kifuniko cha chupa, akakoroga kwa kijiti ndani ya ndoo ile ile iliyotumika kuteka maji ya lambo, akamsaidia baba kujaza bomba. Msimu mmoja alifanya hayo akiwa na mimba ya mdogo wangu. Chupa ilipokwisha ilisuuzwa, ikatiwa mafuta ya taa. Iliyokuwa nzuri zaidi ilitiwa mafuta ya kula. Sisemi kwamba mdogo wangu alidhurika, maana hapana daktari awezaye kusema hivyo juu ya mtu mmoja. Nasema tu kwamba hapana aliyeuliza. Miaka mingi baadaye nilimwuliza bibi mmoja jirani yetu kama hawakuwa na hofu. Alinicheka. "Mjukuu wangu," akasema, "ingekuwa sumu wangeiita dawa?" Nimesoma vitabu vingi vya isimu, sijapata kukuta hoja fupi na nzito kama hiyo.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa kwamba Kiswahili kina neno lake, nalo ni kiuatilifu. Kwamba tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kwamba neno hilo limebeba kitenzi cha kuua tumboni mwake, na asiyesikia ni kiziwi. Ni kweli. Walakini neno hilo laishi ofisini, katika semina na katika barua zenye mhuri. Aingiaye dukani Mhunze haombi kiuatilifu. Aomba dawa, apewa dawa, arudi nyumbani na dawa. Neno la sheria limebaki barabarani, na neno la watu ndilo lililoingia chumbani.

Wengine husema kwamba kibandiko chatosha: kina fuvu la kichwa, kina mstari wa rangi chini yake. Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu wasomi wengi nao wamedanganyika. Mstari ule, mwekundu, wa manjano, wa buluu au wa kijani, umetokana na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1975. Wapima nini? Wapima kiasi cha sumu kinachoua nusu ya panya wa maabara, kwa kumezwa au kwa kupita ngozini. Ni kipimo cha kifo cha haraka. Chamfaa mtu mzima asije akaanguka shambani leo. Hakisemi lolote juu ya binti atakayeugua mwaka wa arobaini wa umri wake kwa sababu ya jambo lililompata katika wiki ya kumi ya uhai wake tumboni. DDT yenyewe katika mpango huo huwekwa daraja la pili, yenye madhara ya wastani. Kwa mizani ya panya, DDT si jambo kubwa.

Mizani hiyo hupungukiwa kwa sababu ya jinsi mwili unavyojengwa. Homoni ni matarishi wa mwili. Hupita katika damu kwa kiasi kidogo mno, na kila moja hufika mahali pake kwa saa yake, ikasema: jenga hiki, acha kile. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba mtoto hana bado homoni za kutosha za tezi ya shingo. Ubongo wake hutegemea zile za mama. Katika majuma hayo hayo viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume hufuata amri ya homoni za kiume. Sasa ziko kemikali ambazo umbo lao lafanana na la matarishi hao kiasi cha kuwadanganya wapokeaji. Nyingine hutoa amri isiyokuwapo. Nyingine huziba mlango ili amri ya kweli isipite. Mtu mzima akivurugwa hivyo, pengine mwili hurudi katika hali yake. Nyumba iliyokwisha kujengwa hustahimili fundi mlevi wa siku moja. Msingi ukichimbwa upande siku ile, nani ataurudisha?

Msomaji asidhani kwamba hii ni hofu ya washamba wasiojua kutumia vitu vya kisasa. Ajali kubwa ya kwanza ya namna hii ilitokea hospitalini, mikononi mwa madaktari, kwa kitu kilichokuwa dawa kwa kila maana ya neno. Mwaka 1938 huko Uingereza ilitengenezwa homoni bandia ya kike iitwayo diethylstilbestrol. Kuanzia miaka ya 1940 wanawake wajawazito wa Marekani walipewa ili mimba zisiharibike. Mwaka 1953 utafiti wa Chicago ulionyesha kwamba haikuzuia lolote. Walakini iliendelea kuandikwa. Akina mama walijifungua salama, watoto wakakua wazuri. Ndipo mwaka 1971 daktari Arthur Herbst na wenzake wa Boston walipotangaza habari za mabinti na wanawake vijana wanane, wenye umri wa miaka 15 mpaka 22, waliopatwa na saratani ya uke isiyojulikana kwa vijana. Mama wa saba kati yao walikuwa wamemeza dawa hiyo wakiwa na mimba. Kwa miaka ile yote hapakuwa na mtu aliyeona dalili. Lau wangepimwa kwa kifo cha haraka, wangeandikwa wazima.

Turudi katika pamba. DDT haipuliziwi tena katika mashamba yetu, lakini hukaa miaka mingi katika udongo na katika mafuta ya mwili wa binadamu, na zao lake huziba mlango wa homoni za kiume. Huko California damu ya wanawake waliokuwa na mimba kati ya mwaka 1959 na 1967 ilihifadhiwa. Mabinti zao walipokuwa watu wazima, Barbara Cohn na wenzake waliirejea damu ile. Mwaka 2015 walitoa jibu: mabinti ambao mama zao walikuwa na DDT nyingi zaidi katika damu walipatwa na saratani ya matiti kabla ya umri wa miaka 52 karibu mara nne kuliko wale ambao mama zao walikuwa na kidogo. Hapa kwetu Afrika, katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, utafiti uliotangazwa mwaka 2010 uliwapima wavulana zaidi ya 3,000. Waliozaliwa na akina mama wa vijiji vilivyopuliziwa DDT kwa ajili ya malaria walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 33 wa kuzaliwa na kasoro za viungo vya uzazi. Sumu zilizoshika nafasi ya DDT mashambani nyingi hazikai ardhini muda mrefu kama yeye. Lakini baadhi yake nazo zashukiwa kuvuruga homoni, na huja na jina lile lile la dawa.

Vijana wa Mhunze, pamba ikikosa bei, huenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo au huvuka mpaka Geita. Huko adui amebadili nguo. Zebaki huchanganywa na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kisha huchomwa, na moshi wake huingia nyumbani. Arseniki hutoka katika mwamba wenyewe. Mwaka 2003 wataalamu waliwapima watu wa Rwamagasa, na katika maziwa ya baadhi ya akina mama waliikuta zebaki. Watafiti wa chuo kikuu cha afya cha Bugando, Mwanza, wakishirikiana na wenzao wa Calgary, Kanada, waliwafuata wajawazito zaidi ya elfu moja wa kanda hii kuanzia mwaka 2015. Wale wa maeneo ya wachimbaji wadogo walikuwa na arseniki na zebaki nyingi zaidi mwilini. Na kadiri zilivyozidi ndivyo mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa wafu walivyoonekana kuzidi.

Neno langu halikosi hata huko. Mwaka 2014 ilitangazwa habari ya wajawazito 340 wa Geita walioulizwa kama hula udongo. Karibu nusu walikubali. Udongo huo, uitwao pemba, huuzwa sokoni umefinyangwa kama vijiti, nao kwa wengi ni dawa ya kichefuchefu. Ulipopimwa ulikutwa na arseniki. Mama amekula dawa.

Mjuzi wa mila atanipinga akisema: mbona dawa tangu kale ilikuwa na nyuso mbili, ya kuponya na ya kudhuru? Nakubali, tena namshukuru, kwa maana amenipa fimbo. Dawa ya mganga ilikuwa na miiko. Hii haigusi mjamzito. Ile hailali chumba kimoja na mtoto. Nyingine hukorogwa katika chombo kisichopikiwa kamwe. Katika miiko hiyo yako mambo ya kweli na ya kubuni, sitetei yote. Lakini neno lilikuja na ulinzi wake. Duka limechukua neno likaiacha miiko. Limechukua heshima ambayo watu wetu waliipa dawa kwa vizazi vingi, likaibandika juu ya chupa, likauza.

Wala nisisingiziwe. Sikusema pamba ing'olewe. Pamba ndiyo iliyonilipia ada. Sikusema watu waachwe wafe kwa malaria; mkataba wa Stockholm wenyewe, uliokubaliwa mwaka 2001, uliiachia DDT nafasi kwa vita hiyo. Wala asitokee mtu akasema nimewaogopesha akina mama wasinyonyeshe. Maziwa ya mama yabaki kuwa chakula bora cha mtoto mchanga. Aliyeyatia uchafu si mama.

Nadai mambo madogo. Kibandiko cha kila chupa kibebe neno SUMU kwa herufi kubwa kuliko jina la biashara, na chini yake mwiko wa Kiswahili: mwenye mimba asiipime, asiikoroge, asifue nguo za mpuliziaji. Bwana shamba aache kusema dawa mbele ya mkulima, na mwalimu aache mbele ya mwanafunzi, na sisi wa chuo tuache katika insha zetu. Kliniki humpima mjamzito damu, mkojo na uzito. Imwulize pia kazi aifanyayo, maji ayanywayo na udongo aulao, na jibu liandikwe katika kadi yake, ili binti yake akiugua miaka thelathini baadaye, daktari awe na mahali pa kusoma. Watakaosema gharama ni kubwa watuonyeshe hesabu ya wino wa swali moja.

Mvua za Novemba zikishika, pamba itapandwa tena Kishapu. Januari mabomba yatatolewa uvunguni, na mtu atatafuta kifuniko cha kupimia.