Usafi wa Nyumbani: Chai ya Baridi

Mkulima wa Moding arudipo shambani saa saba mchana, katika jua la mwezi wa Februari, hatamani chai ya moto. Wala karani wa Malaba atokaye afisini katika vumbi la malori. Wote wawili hutaka kitu cha kuburudisha koo. Chai iliyopoozwa yafaa sana, nayo ni rahisi kuliko soda. Lakini mara nyingi madhara yake hayatoki katika chai yenyewe, bali katika kile kinachoipooza.

Fikirini, wasomaji. Mama amechemsha maji vizuri, na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vimekufa. Kisha, kwa haraka, anamimina kikombe cha maji mabichi ya kisimani, au anatia barafu iliyonunuliwa sokoni. Kazi yote ya moto imeharibika! Wengi hudhani kwamba baridi huua vijidudu. Sivyo, huvilaza tu, na barafu ikiyeyuka huamka. Barafu iliyogandishwa kwa maji machafu ni maji machafu.

Basi chemsheni maji mpaka yatokote kwa nguvu, dakika moja kamili. Katika nchi iliyo chini ya futi 6,500, kama yetu, hiyo yatosha. Tieni majani, funikeni, ngojeni dakika tano, kisha chujeni katika birika lenye kifuniko, lililosuuzwa kwa maji yaliyochemka. Sukari itiwe chai ingali moto, maana katika baridi haiyeyuki upesi. Maziwa yasitiwe kabisa, kwa kuwa bila friji huchacha kabla ya jioni.

Sasa kupooza. Wekeni birika ndani ya karai la maji, na maji yakipata joto yabadilisheni. Likiisha kupoa, lizungushieni kitambaa kilicholowa, likae kivulini penye upepo. Maji ya kitambaa yakikauka huchukua joto, kama mtungi wa udongo ufanyavyo. Mwenye barafu ya sokoni aipange nje ya birika, isiguse chai. Anayetaka barafu ndani ya bilauri na agandishe maji aliyoyachemsha mwenyewe.

Huko Marekani wako watu watiao majani katika chupa ya maji na kuianika juani mpaka igeuke rangi. Desturi hiyo tusiifuate. Maji hayo hupata uvuguvugu wa digrii 55 hivi tu, nao hautoshi kuua vijidudu. Wazee wa Kiteso, waongezao maji ya moto katika chungu cha ajoni, wangeicheka.

Chai ya asubuhi inywewe kabla ya saa nane kupita tangu ilipotengenezwa. Ikifanya utando au utelezi, imwageni bila kuonja. Tena isinywewe pamoja na chakula, hasa na wajawazito na watoto, kwa sababu huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaongezayo damu; wangoje kama saa moja baada ya kula.

Kwa wale wauzao chai hii kwa madereva walio foleni mpakani, neno moja: bilauri zisisuuzwe zote katika ndoo moja tangu asubuhi hadi jioni. Tumieni chombo chenye bomba na maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, nayo yakiisha kusuuza yamwagwe.