Mbacha Wako na Nyumba ya Magurudumu



Wahenga walituusia: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka uliochakaa, na mbachao ni ufupisho wa "mbacha wako". Darasani huifundisha methali hii kama onyo kwa wenye tamaa ya vitu vipya. Leo nakuomba uitazame kama somo la uraia. Mfano wangu unatoka mbali na kwetu: kwa watu wa Marekani na Ulaya wanaogeuza magari ya mizigo kuwa makazi, wakitumia samani kuukuu badala ya mbao mpya.

Wapo wanaofanya hivyo kwa kupenda safari. Wapo pia walioshindwa na kodi za nyumba, na hao ndio ninaowafikiria zaidi. Mtu wa namna hiyo hulitazama kabati lililotupwa kwa jicho la fundi. Mlango wake waweza kuwa meza ya kukunja, iliyoshikwa ukutani kwa bawaba zilezile. Chaga za kitanda zaweza kubeba godoro jingine, au kupigiliwa darini. Mtoto wa meza, yaani droo, huwekwa chini ya kitanda na kuhifadhi vyombo. Aidha, mbao za samani ya zamani zimekwisha kukauka miaka mingi, hivyo hazipindi upesi kama mbao mbichi.

Je, hasara ya kutupa ni kubwa kiasi gani? Kwa hesabu za shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, mwaka 2018 nchi hiyo ilizalisha takriban tani milioni 12 za taka za samani na mapambo ya nyumbani, na zaidi ya tani milioni 9 kati ya hizo zikafukiwa ardhini. Miti iliyokua kwa miongo kadhaa huzikwa kwa sababu kitasa kimelegea au rangi imepauka!

Hata hivyo, kubana matumizi bila maarifa ni hatari. Ubao uliotengenezwa kwa chembe za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi haufai kila mahali: mvuke wa pumzi na wa chakula huganda kwenye bati la gari, nao ubao huo ukinywa maji huvimba na kumeguka. Rangi ya zamani huenda ikawa na madini ya risasi, basi usiipige msasa ovyo ukavuta vumbi lake. Sponji ya makochi ya zamani huenda ikawa na kemikali za kuzuia moto; tangu mwaka 2023 Uingereza inataka makochi yaliyotupwa yenye baadhi ya kemikali hizo yachomwe, yasitumiwe tena. Uzito nao haudanganyi. Leseni ya kawaida ya udereva barani Ulaya humruhusu mtu kuendesha gari lisilozidi kilo 3,500 pamoja na shehena yake, na kabati la mbao ngumu hula sehemu ya kilo hizo.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Tunapomsifu mtu aliyejenga chumba kwa mabaki ya kabati, tusisahau kumwuliza: utaliegesha wapi gari lako usiku? Jiji la Los Angeles lilikuwa na sheria iliyokataza watu kuishi ndani ya magari barabarani. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ya shirikisho iliibatilisha kwa kuwa haikueleza wazi ni tendo gani hasa lililokatazwa. Lakini mwaka 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwaadhibu wanaolala katika maeneo ya umma, hata wakiwa hawana makazi, si adhabu ya kikatili inayokatazwa na Katiba. Fikiri basi: mtu ametimiza wajibu wake, hakuomba wala hakuiba, amejitengenezea kitanda kwa chaga zilizotupwa, na bado anaweza kutozwa faini kwa kukilalia.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo sifa zetu huwa kejeli. Kutunza mali ni wajibu wa raia, ila kuhakikisha kwamba watu wana mahali pa kulala ni wajibu wa jamii nzima na serikali yake. Ubunifu wa maskini usiwe kisingizio cha wenye mamlaka kukaa kimya.

Nawe una kazi ya kuanzia. Angalia nyuma ya darasa lako kama hakuna madawati yaliyovunjika yanayonyeshewa mvua. Usiyachukue, kwa kuwa ni mali ya umma. Mwendee mwalimu mkuu, uombe kwa adabu yageuzwe rafu za vitabu. Raia asiuache mbacha wake. Lakini asikubali kuambiwa kwamba mbacha huo unamtosha.