Siki kwenye kemshafti? Hapana jamani

Makala nzuri, ila hapo kwenye kuloweka kemshafti kwa siki usiku kucha nimeshtuka. Siki haichagui, ikimaliza kutu inageukia chuma. Yangu ni ya Volkswagen Beetle, ililala stoo miaka, kutu rangi ya chai ya rangi. Niliimwagia dizeli, kisha stiliwaya laini kabisa yenye oili, nikisugua kwa kuzunguka mduara, si kwa urefu. Katikati ya nundu na nundu, pasipogusana na kitu, sikujisumbua.

Kazi iko kwenye nundu zenyewe. Pitisha ukucha taratibu: doa jeusi lisilonasa ukucha, liache. Likinasa pale juu nchani, peleka kemshafti kwa wauza chuma chakavu. Beetle ina nundu nne tu, kila moja inasukuma tapeti mbili bapa, kwa hiyo kishimo kimoja kinatafuna mbili kwa mpigo.

Halafu tapeti za zamani zirudi kila moja mahali pake! Mimi nilizitupia zote kwenye ndoo moja ya mafuta ya taa, sikujua tena ipi ni ya wapi, nikaishia kununua nane mpya.