Saa ya Kitengela isiandikwe Rolex

Niweke msimamo wangu mapema ndio tusizungushane. Kijana wa Kitengela akiagiza mashine ya Kijapani, kasha la chuma, uso na mishale, akakaa kwa meza akaunganisha saa inayofanana na zile za wapiga mbizi wa miaka ya 1950, huyo si mwizi. Ni fundi. Lakini siku atakayobandika jina la Rolex kwa huo uso, amejiharibia kazi na amemdanganya mteja. Hao watu wawili wanatofautishwa na maneno machache tu juu ya uso wa saa, na ndiyo kitu nataka tuongelee leo.

Kijana akianza hii kazi huku kwetu, iwe Kitengela ama Kajiado mjini, atabanwa pande mbili. Mmoja atamwambia, "Si hii ni feki tu?" Mwingine atamwambia, "Boss, andika tu Rolex hapo, nachukua tano sai sai." Wa kwanza anamvunja moyo. Wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu anakuja na pesa mkononi.

Sasa turudi nyuma kidogo, maanake hii kazi ina historia na wengi hatuijui.

Mwaka wa 1953 Blancpain walitoa Fifty Fathoms, na Rolex wakatengeneza Submariner, ambayo watu waliionyeshwa rasmi 1954. Hizo hazikuwa saa za kuringa. Zilikuwa vyombo vya kazi: uso mweusi, nambari zinazong'aa gizani, na pete ya nje unayozungusha ili ujue umekaa dakika ngapi chini ya maji. Halafu 1969 Seiko wakaleta Astron, saa ya mkononi ya kwanza ya kwatzi kuuzwa madukani. Saa za betri ziliposhuka bei, viwanda vingi vya Uswisi vililia. Saa ya kutia ufunguo ikaonekana kitu cha mzee.

Lakini watu hawakuzisahau. Sean Connery alivaa Submariner kwa filamu ya Dr. No ya 1962, na saa za aina hiyo zikageuka mali ya matajiri. Oktoba 2017, Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman ilipigwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Saa moja, wadau! Kwa hiyo mtu wa mshahara wa kawaida anayependa saa za zamani angefanya nini? Aidha aangalie picha, ama ajitengenezee.

Wengine wakajitengenezea. Wengi walianzia kwa Seiko, na hasa SKX007 iliyotoka 1996. Hiyo saa ilikuwa ngumu, haikuwa ghali, na ilifunguka vizuri. Mtu anatoa uso, anatoa mishale, anabadilisha kioo, anarudisha. Wengine walinunua mashine za Uswisi kutoka ETA wakazitafutia kasha. Wapenzi wa Panerai waligundua kwamba baadhi ya saa za kampuni hiyo zilitumia Unitas 6497, mashine kubwa iliyoundwa kwa ajili ya saa za mfukoni, na kumbe wao pia wangeweza kuinunua.

Saa za namna hii huitwa homaji, yaani saa ya kuiheshimu nyingine ya zamani. Kuna waliotoka mezani wakawa kampuni. Huko Marekani, Bill Yao alianzisha MKII mwaka wa 2002, akafufua sura za saa za wapiga mbizi na wanajeshi. Ujerumani kuna Steinhart. Ukiangalia uso wa saa zao unasoma MKII, unasoma Steinhart. Hakuna taji la kuazima.

Mwaka huohuo wa 2002, Nicolas Hayek wa Swatch Group alitangaza kwamba ETA itaacha kuwauzia wengine mashine ambazo hazijakamilishwa. Ilichukua miaka, lakini wajenzi wadogo walielewa ujumbe: ukitegemea duka moja, siku likifungwa umekwisha. Wengi wakageukia Japani, kwa Miyota wa Citizen na kwa Seiko. Leo mashine inayopatikana kirahisi ni Seiko NH35: mawe 24, mapigo 21,600 kwa saa, na ikijazwa kabisa inatembea kama saa 41. Unaipata mtandaoni kwa dola thelathini na kitu. Ndiyo sababu hii kazi inawezekana hata kwa meza ya chumba kimoja Kitengela, bora uwe na taa nzuri, bisibisi ndogo, koleo laini na subira.

Najua swali linalokuja: "Lakini umbo si ni la mtu?" Swali halali. Hapa Kenya, ukisajili muundo wa bidhaa kwa KIPI unalindwa miaka 5, na unaweza kuongeza mara mbili, jumla 15. Sheria iliwekwa hivyo makusudi: aliyebuni ale jasho lake, halafu wengine nao wajifunze kutoka kwake. Muundo wa 1953 umezeeka kuliko wazazi wa wengi wetu. Jina la biashara na alama yake ni kitu kingine. Hizo zinaendelea kulindwa mradi mwenyewe anaandikisha upya. Na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 haicheki na mtu: kosa la kwanza unaweza kufungwa hadi miaka 5, ama upigwe faini isiyopungua mara tatu ya bei ya bidhaa sokoni, ama vyote viwili. Na usidhani ukichora kitaji kinachofanana kidogo umeponea. Kitu cha kumchanganya mteja bado ni shida.

Tuache sheria kidogo. Hata historia yenyewe iko upande wa mwenye kuandika jina lake. Vita vya Pili vya Dunia vikielekea mwisho, jeshi la Uingereza lilitaka saa za askari. Serikali iliandika masharti: uso mweusi, nambari za kawaida, isiingie maji, isomeke gizani. Kampuni 12 zilitengeneza, zikiwemo Omega, Longines, IWC, Cyma na Timor. Ziweke pamoja utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Lakini kila moja iliandika jina lake juu. Hakuna anayeziita feki, na leo wakusanyaji wanahangaika kuzipata zote 12.

Na sisi watu wa Kajiado tusijifanye hatuelewi hii kitu. Shanga za kioo ambazo akina mama wanashonea mikufu na mikanda ya saa hazikuchimbwa Kiserian. Zimekuwa zikija kutoka Ulaya, zamani Venice, baadaye nchi ya Cheki. Malighafi ya wageni, lakini rangi, mpangilio na maana ni vya Mmaasai, na dunia nzima ikiona inajua ni ya nani. Hapa Kitengela kwenyewe kuna studio ya kioo aliyoianzisha Nani Croze, na mwanawe Anselm akaleta kazi ya kupuliza glasi kutoka kwa vioo vilivyotumika. Kupuliza kioo hakukuanzia Kitengela. Lakini sijawahi kusikia mtu akiandika "Venice" chini ya glasi ya Kitengela ndio iuzike. Inauzika kwa sababu ni ya Kitengela.

Kwa hivyo kwako fundi unayetaka kuanza, ombi langu ni vitu vitatu.

Kwanza, andika jina lako. Kama hujapata jina, acha uso mtupu. Uso mtupu hauna aibu. Mteja akiuliza umeiga saa gani, mwambie bila kuficha.

Pili, usiandike usichopima. Ukiandika mita 200 kwa uso na hujawahi kuiweka saa kwa mashine ya kupima presha, huo pia ni uongo, hata kama jina ni lako. Mtu ataingia nayo baharini Diani na itajaa maji, halafu atamaliza biashara yako kwa posti moja.

Tatu, usibaki kwa Submariner milele. Jaribu kitu ambacho Mswisi hawezi kukifikiria. Bibi zetu wanatazama saa, mshale unaonyesha 7, wao wanasoma saa moja asubuhi. Wanageuza kichwani kila siku. Mbona hatuna saa ambayo pale juu imeandikwa 6 na pale chini 12? Dakika zinabaki vilevile, mashine ni NH35 ileile. Kilichobadilika ni uso tu. Hiyo ukiivaa hakuna mtu atakuuliza kama ni feki, kwa sababu hakuna orijino nyingine mahali.

Na wewe mnunuzi, mtu wangu, acha kumwomba kijana akuwekee taji. Unajua vizuri kwamba Rolex haiuzwi elfu tatu kando ya barabara ya Namanga. Humdanganyi yeyote anayejua saa, na asiyejua saa hajali. Unachofanya ni kumsukuma fundi kwa kazi ambayo askari wakija atachukuliwa yeye na wewe utakuwa umeenda zako. Elfu zako nane, kumi, zilipie mkono wa mtu. Mwambie aandike jina lake, ama Kitengela, halafu ivae bila kuficha mkono ukikutana na mjuaji.