Pawatila ilivyonipandia ndago

Leo usinicheke. Nina kisa cha bustani, na ndani yake kuna beberu wangu mmoja aliyekwenda na maji.

Si mnajua tangu nimalize fomu foo sina kazi ya kueleweka zaidi ya hii ya kuwaandikieni? Basi mwezi wa tano nikajisemea, ngoja niende Kahe kwa bibi nikalime nyanya na bilinganya, niwe napeleka Moshi mjini, na mimi nionekane mtu. Eneo lipo nyuma ya nyumba, kama robo eka, mfereji unapita pembeni. Tatizo ni udongo wenyewe. Ule mfinyanzi mweusi ukikauka ukiupiga jembe unalia kama sufuria, ukilowa unaondoka na kiatu chako.

Mashine huku si ngeni. Wajapani walisaidia kujenga mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, ukakamilika mwaka 1987, na mwaka 1994 kikaanzishwa chuo cha kilimo pale Chekereni, kwa hiyo watoto wa huku pawatila wanaijua kabla ya baiskeli. Ilipokuja Kilimo Kwanza mwaka 2009 zikamwagwa nchi nzima. Nyingine zikafungwa tela, zikaishia kubeba mchanga na maharusi, lakini hayo tuyaache.

Nikamuuza beberu, nikamwita kijana mwenye pawatila. Bibi kaona noti zinahesabiwa, kaniuliza:

"Mjukuu wangu, hilo dude linajua kuchagua?"

"Kuchagua nini, bibi?"

"Ndago."

Nikacheka. Nikajua ni mambo ya kizamani.

Usiku ule nikafungulia maji ya mfereji ili udongo ulainike. Asubuhi kijana kafika, kachota udongo kaufinya kiganjani, ukabaki donge linang'aa. "Dada, hapa pamelowa mno. Nirudi keshokutwa." Nikamwona anatafuta nauli ya pili. Nikamwambia piga tu, hela si umeshika!

Jamani, ile mashine ukiitazama ikifanya kazi unaweza kuiposa. Magurudumu mawili, injini ya dizeli mbele, mwenyewe anatembea nyuma kashika mikono kama mtu wa toroli, na chini visu vilivyopinda vinazunguka kwa kasi kuliko magurudumu. Trekta dogo la kukalia lenye rotaveta nyuma ni ndugu yake, kazi ni hiyohiyo. Jua halijawa kali, robo eka kwisha. Kwa jembe la mkono ningelia wiki mbili.

Siku ya tatu yale madonge yakawa matofali. Nikawa nayapasua kwa nyundo, majirani wanapita wananipa pole ya kejeli. Na chini kule visu vilikuwa vimeupaka udongo mbichi kama fundi anapiga lipu, ukimwaga maji yanasimama juu. Kumbe dawa ni ileile ya kijana: finya, kisha gusa kwa kidole. Donge likipukutika, lima. Likigoma, kalale.

Lakini hayo yalikuwa utangulizi. Haikuisha wiki mbili bustani nzima ikawa kijani. Nikamwita bibi kwa furaha, mchicha wangu umeota! Bibi kainama, kang'oa kimoja, kanionyesha. Ndago tupu, ile mbaya.

Chini ya ardhi ndago ni vijitunguu vyeusi vimeungana kwa nyuzi kama shanga. Vikiwa kwenye uzi mmoja vingi vinalala, vinaota vichache. Visu vikipita vinakata nyuzi, na kila kijitunguu kinaamka kivyake. Yaani mimi nilitoa beberu, nikalipa mtu anipandie ndago!

Bibi hakunisema, na hilo ndilo liliniuma. Kachukua jembe na debe, kapiga magoti na umri ule, tukawa tunafukua kimoja kimoja. Kila jioni anavimwaga juu ya bati la banda la kuku. "Ndago haiogopi jembe, inaogopa jua," ndiyo kauli yake. Wakati huo miche yangu ya nyanya kitaluni inarefuka kama mlingoti. Zaidi ya nusu niliitupa.

Mashine haina kosa, msianze kuitukana. Ningeileta Januari, vumbi linatimka, ikapita mara moja bila tone la maji, vijitunguu vikaachwa juu vikaungua, ikapita tena kabla masika haijaanza Machi, ndago ingepungua sana. Kijana mwenyewe kanieleza hivyo, nami nilikuwa sijamuuliza.

Juzi kapita na pawatila yake, kavuta tela la matofali. Kasimama kwa adabu: "Shikamoo, bibi. Bustani inaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu." Bibi kaingia bandani, katoka na debe la ndago kavu, kampandishia juu ya tela. "Mavuno yako hayo. Beberu tulishakulipa."